Ndoa Tatu na Magoti Mawili

Mwanamke mzee akianza kuchechemea katika mji wetu wa Kisangani, maelezo hayakosi. Mmoja atasema ni mahari ambayo haikurudishwa ndiyo inayomtafuna. Mwingine atasema marehemu mume wake anamwita. Wa tatu atanong'ona kwamba mama huyu ameolewa mara nyingi mno, na mwili wa mwanamke haupendi kuhamahama nyumba. Yote hayo nimeyasikia, na mengine yalisemwa nikiwa nimekaa papo hapo. Nimeolewa mara tatu. Magoti yangu yote mawili yanauma. Nimejiuliza kwa muda mrefu kama kweli kuna uhusiano kati ya mambo hayo mawili, na nimeridhika kwamba upo, ila si huo wanaousema.

Uhusiano wenyewe ni kazi. Kwa mwanamke wa rika langu hapa kwetu, ndoa ilikuwa maji ya kuteka, makaa ya kubeba, ndizi za kuponda, basini kichwani na mtoto mgongoni. Mume alibadilika, mzigo ukabaki uleule. Sasa umri umenipunguzia hasira, umenipunguzia na aibu pia, na ninapotazama nyuma kinachonirudia waziwazi kuliko maneno tuliyoambiana ni uzito: nani alibeba nini, kutoka wapi, na nani alimtua. Naandika haya kwa sababu nawaona wanawake wenzangu wengi wakificha maumivu ambayo wangestahili kuheshimiwa kwayo.

Naishi Makiso, komini ya katikati ya mji, kwenye ghorofa ya enzi za Wabelgiji, pamoja na binti yangu na watoto wake. Soko kuu haliko mbali, na mto nao hauko mbali. Maumivu ya goti yana saa zake. Asubuhi mguu huamka mgumu, nami hukaa ukingoni mwa kitanda nikiukunja na kuunyosha polepole mpaka ukubali. Baada ya robo saa hivi hulegea. Mchana, nikitembea mahali pa tambarare, naweza hata kusahau. Shida ni ngazi. Kupanda kuna taabu yake, lakini kushuka ndiko kunakonitoa jasho, kwa maana uzito wote wa mwili unaliangukia goti moja lililokunjwa, na ndani yake nasikia kitu kinakwaruza. Muuguzi mmoja alinifundisha jambo dogo ambalo limenisaidia kuliko dawa nyingi: ukipanda, tanguliza mguu mzima, ukishuka, tanguliza mguu mgonjwa, mkono ukiwa ukutani. Wajukuu wamezoea kunisubiri. «Koko, pole pole,» wananiambia, na mkubwa wao hushuka daraja moja mbele yangu, ili nikiteleza nipate bega la kushika.

Madaktari wanaeleza hivi. Pale mfupa unapokutana na mwenzake, ncha zake zimefunikwa na gegedu, ambalo ni laini na linateleza. Kadiri miaka inavyokwenda, gegedu hulika, mfupa hubadilika umbo, misuli inayoushikilia hulegea, na kiungo kizima huvimba na kuuma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu wa kulika kwa gegedu, wengi wao wakiwa na zaidi ya miaka 55, na kwamba karibu asilimia 60 ni wanawake. Goti ndilo linaloshambuliwa zaidi. Sababu ziko nyingi: umri, unene, ukoo, jeraha la zamani, na kazi za kuinama, kupiga magoti na kubeba mizigo mwaka baada ya mwaka. Daktari mkweli hawezi kukuambia ni gunia gani lililoharibu goti lako, lakini hatakataa kwamba magunia yana sehemu yao.

Sokoni vidonge vya kutuliza maumivu vinauzwa kimoja kimoja, bila karatasi ya daktari. Nawajua akina mama wanaomeza diclofenac au indometasini kila siku ya Mungu, kwa miaka, hadi tumbo linafanya vidonda na figo zinachoka. Wengine wamechanjwa chale kwenye goti na kupakwa unga wa dawa. Anayeumwa hutafuta, na simlaumu mtu. Mimi nimepata nafuu kwa mambo ya kawaida: kitambaa cha maji ya moto, kutembea kila siku hata kama ni hadi ukingo wa mto na kurudi, mazoezi ya kukaza paja, na dawa ya kupaka siku zile ngumu. Ugonjwa huu hauponi, ila unaweza kuishi nao ukiujua. Na kuujua, kwangu mimi, kumekuwa ni pamoja na kujua ulikotoka.

Mume wangu wa kwanza alikuwa karani wa serikali. Tulioana mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mji ulikuwa umeliacha jina la Stanleyville tangu 1966, na nchi nzima ilikuwa inajizoeza kuitwa Zaire. Mahari ilitolewa nyumbani kwetu upande wa Isangi, tunakotoka sisi Walokele: mbuzi, vitenge, chumvi, taa, panga, blanketi la mama, na fedha. Kila kitu kiliwekwa chini mbele ya wazee, kikakaguliwa, kikahesabiwa. Miaka kadhaa baadaye yule bwana alifungua nyumba nyingine, ile ambayo watu wetu wanaiita biro ya pili, na wazee wakakaa tena kuhesabu: mbuzi wangapi warudi, wangapi wabaki kwa kuwa nimezaa. Nilikuwa pembeni, kwenye mkeka. Hakuna aliyeuliza ni maji kiasi gani niliyopandisha kutoka mtoni siku bomba lilipokauka, wala ni nani aliyelima shamba lililowalisha wadogo zake waliokuja kusoma mjini. Wazee walihesabu kile walichofundishwa kuhesabu.

Mtu mwenyewe hakuwa mbaya. Alijua kuvaa koti lake la abakosti, alikuwa mwepesi wa kucheka, na jioni alikuwa akinisomea magazeti kwa sauti ili nizoee Kifaransa. Kifaransa kile kimenisaidia maisha yangu yote. Nakitaja kwa sababu katika hesabu ya ndoa si haki kuandika upande mmoja tu. Ila hata jioni zile alisoma akiwa amekaa kitini, mimi nikiwa nimeinama juu ya mbabula, nikipuliza makaa.

Mji huu umezihesabu ndoa za watu tangu zamani. Wakati wa ukoloni, mwanamke mtu mzima aliyeishi mjini bila mume alitozwa kodi yake mwenyewe, na hapa Stanleyville kodi hiyo ilikusanywa. Dekreti ya tarehe 4 Aprili 1950 ikaja kukataza ndoa mpya za wake wengi kuanzia mwaka uliofuata. Kila utawala ulitaka kujua nani ameolewa na nani, kwa cheti gani. Hata hivyo watu walioana, wakaachana, wakaoana tena. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, alipokuwa kijana wa mji huu na karani wa posta, alioa mara mbili katika miaka ya 1940, na ndoa zote mbili zikavunjika, kabla hajamwoa Pauline Opango mwaka 1951. Pauline alikuwa msichana wa miaka 14.

Namfikiria sana mama huyo. Dunia inamkumbuka kwa picha moja, ya Februari 1961, akitembea kwa miguu katika barabara za Léopoldville, Kinshasa ya leo, kifua wazi, akimlilia mumewe aliyeuawa. Alikuwa na miaka 24 tu. Baada ya picha ile aliishi miaka mingine zaidi ya 50 akiwa mjane, akalea, akazeeka, na akafariki Kinshasa mwezi Desemba 2014. Vitabu vinavyomzungumzia mumewe vinajaza kabati, na ni haki yake. Lakini miaka hiyo 50 nani ameiuliza? Aliamkaje asubuhi? Viungo vyake vilimuuma wapi? Nani alimshika mkono kwenye ngazi? Mke wa mtu mkubwa na mke wa karani wanafanana katika jambo hili, kwamba watu huacha kuwauliza mara tu ndoa inapokwisha, ilhali mwili unaendelea na safari.

Mume wangu wa pili alikuwa mwalimu wa sekondari. Tulikutana mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati Makiso ilikuwa bado inauguza jeraha la 1973, pale serikali ilipowanyang'anya wageni maduka na biashara zao na kuwapa wazalendo wenye majina. Maduka mengi yalimalizwa mali yake, kisha yakafungwa. Mshahara wa mwalimu uliendelea kuwa na tarakimu nyingi na kununua kidogo. Ndipo wanawake wa mji huu walipoingia barabarani, au tuseme mtoni. Mwanaanthropolojia Janet MacGaffey, aliyeuchunguza uchumi wa Kisangani katika miaka ileile, aliwaandika wanawake hao katika kitabu chake cha 1987: waliopakia mchele, maharage na samaki kwenye meli na kuvipeleka Kinshasa, mwendo wa kilomita 1,700 na zaidi, wengine wakipata mali bila kumtegemea mume wala ndugu. Profesa Benoît Verhaegen naye alisimamia kitabu kizima, kilichotoka 1990, juu ya wanawake wa Kisangani na mapambano yao ya kuishi. Mimi nilikuwa katika kundi hilo, ngazi ya chini kabisa.

Mchele wangu ulitoka Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, inakoishia reli ya kilomita 125 inayotoka Ubundu. Basini ilijazwa kituoni. Unachuchumaa, unaweka ngata kichwani, wenzako wawili wanakuinulia mzigo, na goti ndilo linalokusimamisha. Kisha mteremko hadi mtumbwini, kuvuka maji, na upande wa Makiso ukingo wa udongo unaoteleza, wa kupanda na mzigo uleule. Nikiwa kijana sikuwahi kuona kwamba goti ni kitu cha kufikiriwa. Mtu hafikirii bawaba ya mlango mpaka siku mlango unapokataa kufunguka.

Mwaka 1993 ilikuja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, na mwaka uliofuata bei za vitu zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Hapo mshahara wa mume wangu ulikufa kabisa. Aliendelea kwenda darasani kwa sababu wanafunzi waliendelea kuja. Nyumba ilisimama juu ya mchele. Na hapo ndipo mwalimu alipofanya jambo ambalo sijawahi kulisahau.

Mnajua lituma yetu. Ndizi zinachemshwa, zinamwagwa kinuni zikiwa bado na moto, zinapondwa mpaka zinashikana, karanga zikiwepo zinaongezwa, kisha unafinyanga bonge kwa bonge na kuandaa na samaki. Inataka mikono na mgongo, na haitaki kungojwa, kwa sababu ndizi zikipoa hugoma. Siku moja nilirudi kutoka ng'ambo jioni, miguu imevimba, nikasikia kinu kinapigwa nyumbani kwangu na mlango umefungwa. Nilipofungua, mume wangu alikuwa amevua shati, jasho linamtiririka, mchi mkononi, watoto wamemzunguka wakimpa maelekezo. Alikuwa amefunga mlango kwa ajili ya majirani. Sauti ya mchi ina mwenyewe. Mtu wa mtaani anajua nani anaponda, na mwanamume akiponda watu huuliza amelishwa nini. Ndugu zake waliuliza kweli. Walisema mke wake mfanyabiashara amemfunga. Aliwajibu kwamba tumbo halina mwanamume wala mwanamke, na wiki iliyofuata akaponda mlango ukiwa wazi.

Usiku alikuwa akinipaka mafuta magotini kwa viganja vyake vyenye vumbi la chaki, akisukuma kutoka chini kwenda juu, bila kuambiwa kwamba ndivyo inavyotakiwa. Leo ninapojipaka mwenyewe, mikono yangu inafuata njia ile ile. Ndoa hiyo nayo ilikuwa na ugomvi wake na njaa yake. Lakini nikiulizwa nilipendwa lini, nataja kinu, nataja mafuta.

Kulikuwa na karatasi pia. Kanuni ya Familia ya 1987 ilimweka mume kuwa kichwa cha nyumba na ikamtaka mke apate ruhusa yake kabla ya kujifunga kwa mkataba wowote wa kisheria. Mimi niliyebeba mchele uliolipia mabati sikuweza kuweka sahihi yangu peke yangu. Mwalimu alikaa mezani, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni kwamba mke wake ana ruhusa ya kufanya biashara na kuingia mikataba kwa namna zote, leo na siku zijazo, akatia sahihi, akanipa. «Chukua, usiwe unaniomba,» aliniambia. Sheria hiyo ilirekebishwa Julai 2016, na sharti la ruhusa likaondolewa. Nilifurahi kama raia na kama mama wa mabinti. Ila ilichukua karibu miaka 30, na katika miaka hiyo ni wanawake wangapi waliobeba nyumba nzima kichwani bila kuwa na mtu wa kuwaandikia karatasi ile?

Vita vilipokuja, mto ulifungwa. Kuanzia 1998 meli za Kinshasa hazikupita tena, na biashara yetu ikanyongwa. Vijana walichukua baiskeli, wakaweka kiti cha sponji nyuma na kubeba watu na mizigo. Baiskeli hizo, toleka, ndizo zilizoulisha mji. Halafu majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yakachagua mitaa yetu kuwa uwanja wao wa kupigana: Agosti 1999, Mei 2000, na mwisho siku sita za Juni 2000, kutoka tarehe 5 hadi 10. Zaidi ya mabomu 6,600 yaliangukia mji. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia wapatao 760 waliouawa na 1,700 waliojeruhiwa. Sisi tulilala ukumbini, kwenye sakafu, magodoro yakiwa yameegemezwa madirishani, bila maji wala umeme. Mwalimu alikuwa na presha na dawa zake ziliisha. Alitoka hai katika siku sita zile, na wiki chache baadaye akaanguka, hakuamka.

Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe nchi yetu dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 225 ni kwa ajili ya madhara waliyopata watu. Ni jambo kubwa, na kila mwathirika wa mji huu anastahili sehemu yake. Mume wangu hakupigwa na bomu, na najua kwamba kifo cha namna yake ni vigumu kukiweka kwenye orodha. Nimejifunza kukubali kwamba mahakama hupima kinachoweza kupimwa. Ndiyo maana mambo mengine lazima tuyahesabu wenyewe, tuyataje wenyewe kwa vinywa vyetu.

Ndoa ya tatu ilikuja baada ya vita, nikiwa na miaka 50 na zaidi. Alikuwa seremala, mjane, mcha Mungu, mtu wa maneno machache. Watoto wake ndio walionibembeleza. Walisema baba yao anateseka peke yake. Nilikubali kwa sababu upweke una uzito wake nao, na kwa sababu alikuwa mtu wa heshima. Baada ya muda nilielewa kwamba walikuwa wanatafuta mikono. Alihitaji kupikiwa, kuogeshwa siku ambazo mgongo ulikataa, kufuliwa, kuinuliwa kitandani. Na wakati huohuo goti langu la kulia lilikuwa limeanza. Mzee wa watu aliona nachechemea, akaniuliza kwa upole ni lini nitapona. Hakuwaza kwamba mimi nami ningeweza kuhitaji kuinuliwa. Nililitafakari swali lake usiku mwingi, kisha nikawaita watoto wake nikawaambia ukweli: baba yenu anahitaji msaidizi anayelipwa, na mimi nahitaji kupumzika. Tuliachana bila kelele. Alipofariki nilikwenda matangani, nikakaa na wanawake wa ukoo wake, na waliniachia nafasi.

Jambo hilo nimeliona likijirudia katika nyumba nyingi za hapa. Mwanamume akifiwa, kabla mwaka haujaisha ukoo umemtafutia mke. Mwanamke akifiwa, ukoo unamtafutia mjukuu wa kulea. Wote wawili wanapendwa, sina shaka na hilo, lakini mwanamume anatafutiwa mtu wa kumhudumia, na mwanamke anatafutiwa mtu ambaye yeye ndiye atamhudumia. Hivyo mwanamke anaingia uzeeni akiwa bado kazini. Goti likimgomea, anaonekana kama mtu aliyeacha zamu yake. Ndipo maelezo yale ya mwanzo yanapopata nguvu, marehemu anayemwita na mahari inayomtafuna, kwa kuwa ni rahisi kumtafutia mzee laana kuliko kumpokea ndoo.

Maumivu yenyewe yamenifundisha kuwa mwadilifu kwa hao wanaume watatu. Usiku goti linaponiamsha, siwezi kusema uongo. Mwili uko macho mno. Karani alinipa lugha na akaniachia mzigo. Mwalimu alinipokea mzigo. Seremala alitaka nimbebe, na hakujua kwamba anaomba kitu kikubwa. Kila mmoja alikuwa amelelewa katika nyumba ambamo mama yake alifanya vivyo hivyo, akashika kiuno, akanyamaza. Hasira niliyokuwa nayo juu ya karani ilitafuta mkosaji mmoja. Siku hizi naona desturi nzima, na mimi pia nilikuwemo ndani yake, nikimfundisha binti yangu kuinua basini kabla hajaweza kuandika jina lake.

Mwaka jana nilikutana na karani sokoni. Alikuwa amekonda, fimbo mkononi, na mimi yangu mkononi. Tulisimama pembeni mwa wauza sombe, majani ya muhogo, watu wakitupita. Aliniamkia kwa adabu, «Mama, habari ya watoto,» nami nikamjibu, «Nzuri, papa, na ya kwako.» Tukazungumza habari za miguu. Akaniuliza ni goti lipi, nikamwambia yote mawili, lakini la kulia zaidi. Alitazama chini kidogo, akasema, «Hilo ni la maji. Ulikuwa ukipanda nayo kutoka mtoni.» Kisha akanieleza jinsi mgongo wake unavyomsumbua. Hakuongeza neno jingine juu ya hayo, na sikuhitaji aongeze. Wazee wawili waliokuwa wamerudishiana mbuzi walisimama wakihesabu, kwa mara ya kwanza, kitu ambacho kilistahili kuhesabiwa tangu mwanzo. Nilitembea hadi nyumbani bila kuchukua toleka.

Sisemi kwamba kutambuliwa kunaponya. Asubuhi iliyofuata mguu uliamka mgumu kama kawaida. Lakini kuna maumivu ya aina mbili katika goti la mzee. Moja ni la gegedu, na hilo nalipaka dawa. Lingine ni la kuwa umebeba na hakuna aliyeona, na hilo nimeligundua kuwa lina tiba, nayo ni kutajwa. Mtoto akimwambia mama yake, «Najua mguu huu ulitulisha,» haongezi hata faranga moja, na bado amempunguzia kitu. Na akishasema, inakuwa vigumu kwake kumtuma mama huyohuyo akamletee ndoo.

Mjukuu wangu mkubwa, yule wa kwenye ngazi, amechumbiwa. Kijana anasoma chuo kikuu hapa mjini, anaonekana kuwa na akili na woga wa kutosha. Ukoo wake watakuja na mahari yao, na wazee wetu watakaa kuhesabu, kama ilivyo haki na desturi. Sitaki desturi hiyo ife, kwa sababu inaziunganisha nyumba mbili mbele ya mashahidi. Lakini nimeomba nafasi ya kusema, na mzee wa ukoo amenikubalia. Fedha zitakapokuwa zimehesabiwa na vitenge vimefunuliwa, nitamwuliza yule kijana mbele ya baba zake na mbele ya baba zetu: maji atayateka nani, makaa atayabeba nani, na siku mke wako akiwa na mimba au ameumia mguu, ndizi ataziponda nani? Nitataka ajibu kwa sauti, ili watu wote wasikie na wakumbuke. Na mjukuu wangu nitamwuliza maswali yaleyale, kwa maana yeye pia anapaswa kujua mapema ni uzito gani anaukubali na ni upi anaukataa, sasa akiwa na magoti mazima.

Wengine watasema bibi anawaaibisha watu kwenye sherehe. Waseme. Nitaomba kiti, kwa sababu kwenye mkeka siwezi tena kukaa, nami nitauliza.